Uliza Wati Kabla ya Kuuliza Jina

Ndugu zangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma, asanteni kwa kunipa saa hii. Nimeombwa nizungumzie swali moja: mtu mwenye pesa za kujibana, anayesafiri mara kwa mara na hapo hapo anapenda gemu, anunue laptopu ipi? Swali hili naulizwa karibu kila wiki na mtu aliyesimama mbele ya meza yangu ya ufundi. Kinachoniuma ni kwamba wengi huuliza wakiwa wameshanunua. Leo nina furaha, kwa sababu wengi wenu pesa bado iko mfukoni.

Sikuja na picha za kuonyesha ukutani. Nimekuja na laptopu mbili, chaja zake, na mizani ya jikoni. Mlio mbele mtaona namba wenyewe. Mlio nyuma nitawasomea.

Hii ya kwanza ina kioo cha inchi 14 na haina kadi ya grafiki ya peke yake, yaani kile kifaa cha kuchora picha za gemu. Naiweka juu: kilo 1.4. Naongeza chaja na waya wake: kilo 1.7. Naziondoa. Hii ya pili ni ya gemu, kioo cha inchi 15.6: kilo 2.3. Muuzaji atakutajia namba hiyo na kuishia hapo, na hata maelezo ya kiwandani mara nyingi huishia hapo. Lakini nani anasafiri na laptopu ya gemu akaacha chaja nyumbani? Basi chaja nayo ipande, hili tofali jeusi na waya wake mnene. Kilo 3.1.

Tofauti ni kilo 1.4. Itazameni namba hiyo vizuri, maana tumeiona dakika moja iliyopita: ndio uzito wa ile laptopu ya kwanza nzima. Aliyebeba mashine ya gemu ana laptopu ya pili mgongoni, anapanda nayo ngazi, anasimama nayo kwenye foleni, analala nayo mapajani kwenye basi.

Sasa nisaidieni kusoma. Dada uliyekaa hapa pembeni, shika hii chaja ndogo, igeuze, utafute palipoandikwa "Output". Soma kwa sauti. Volti 20, ampea 3.25. Ahsante. Na wewe kaka, lisome hilo tofali. Volti 20, ampea 11.5. Zidisheni. Ya kwanza ni wati 65. Ya pili ni wati 230.

Hapo ndipo penye jambo langu la leo, na nikisahaulika kwa mengine yote naomba hili mlibebe: mnapouliza habari za laptopu, ulizeni wati kabla ya kuuliza jina. Jina la kadi, jina la prosesa, rangi za taa za kibodi, hayo yote yana namna ya kumpamba mtu maneno. Wati hazipambi. Zinakuambia mashine inaweza kufanya kazi kiasi gani, itatoa joto kiasi gani, itadumu na betri saa ngapi na itakulemea begani kiasi gani. Yote manne katika namba moja.

Nieleze kwa nini. Umeme unaoingia kwenye laptopu karibu wote huishia kuwa joto. Wenye umri kama wangu mnaikumbuka balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani. Ukiigusa ikiwa inawaka, inakuunguza. Mashine inayovuta wati 180 wakati wa gemu ina balbu tatu za namna hiyo, zimefungiwa kwenye kisanduku chenye unene wa vidole viwili, na vidole vyako viko juu yake. Joto hilo lisipotolewa, chipu hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na gemu inaanza kukwama. Kwa hiyo mtengenezaji anaweka mabomba ya shaba, mapezi ya kupoozea, feni mbili nene, na chasisi yenye nafasi ya hewa kupita. Nimefungua mashine hizi nyingi sana. Uzito mnaousikia mkononi si uzembe wa kiwanda. Ni shaba, na bila shaba hiyo kadi ya grafiki ni jina tu.

Ziko laptopu nyembamba zenye nguvu kubwa, sikatai. Bei yake si ya watu tunaowazungumzia leo. Kuondoa joto jingi kwenye mwili mwembamba ni kazi ya gharama, na gharama hiyo analipa mnunuzi. Kwa hiyo ukikuta laptopu ya bei ya chini, nyembamba, nyepesi, halafu imebandikwa stika ya kadi kubwa ya gemu, jiulize mtengenezaji amebana wapi. Lazima amebana mahali. Pengine ni betri, pengine ni kioo, pengine ni bawaba za plastiki zitakazopasuka mwaka wa pili. Na mara nyingi amezibana wati zenyewe.

Hili la mwisho nataka nilikalie kidogo, kwa sababu limewaumiza watu ninaowafahamu.

Kijana mmoja aliniletea laptopu mpya kabisa, hata nailoni ya kioo alikuwa hajaitoa. Akaniambia ina hitilafu. Binamu yake alikuwa na laptopu ya aina nyingine yenye kadi ile ile, RTX 4050, stika ile ile, gemu ile ile, mipangilio ile ile. Kwa binamu gemu inateleza, kwake inavuta miguu. Alikuwa ameweka akiba kwa muda mrefu. Nilifungua, nikaangalia feni, nikaangalia pesti kati ya chipu na shaba, nikapima joto. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Kadi inayoitwa RTX 4050 ya laptopu, Nvidia, kampuni inayoitengeneza, yenyewe inaruhusu watengenezaji waiendeshe popote kati ya wati 35 na wati 115. Ya binamu ilikuwa karibu na dari. Yake ilikuwa karibu na sakafu. Jina moja, nguvu mbili tofauti, na hakuna aliyevunja sheria yoyote. Nilichoweza kumfanyia ni kumweleza, na sitasahau alivyoifunga ile laptopu taratibu, akairudisha kwenye boksi lake.

Zamani kidogo mnunuzi alikuwa na dalili. Tangu 2017 Nvidia ilikuwa inaziita kadi zilizopunguzwa wati kwa jina la Max-Q, na jina hilo lilikuwa linaonekana pale pale kwenye jina la kadi. Mwaka 2021, kizazi cha RTX 30 kilipokuja, likaondolewa kwenye jina. Mimi naliona jambo hilo kuwa si haki kwa mtu wa kipato cha chini, kwa sababu yeye ndiye asiye na nafasi ya kukosea mara mbili.

Basi mfanyeje? Kwenye ukurasa wa mtengenezaji tafuteni herufi TGP. Hizo ndizo wati za kadi. Zikiwa zimeandikwa, linganisheni hizo, msilinganishe majina tu. Kama hazikuandikwa, fanyeni tulichofanya sasa hivi: geuzeni chaja, zidisheni volti kwa ampea. Chaja ya wati 120 haiwezi kulisha prosesa, kioo na kadi ya wati 115 kwa pamoja kwa muda mrefu. Hesabu haikubali. Dukani unaweza kuifanya kwa nusu dakika, na hakuna muuzaji wa kukukatalia kusoma chaja.

Haya, tuingie barabarani, maana nusu ya swali letu ni safari.

Watu wanapowaza laptopu ya gemu ya kusafiria, hujiona wamekaa kwenye basi au kwenye chumba cha kusubiria, wamefungua mashine, wanacheza. Tuipige hesabu ndoto hiyo. Betri ya hii kubwa, nimeisoma hapa chini yake, ni volti 11.55 na miliampea-saa 4,545. Hiyo ni takriban wati-saa 52.5. Mashine ikivuta wati 8, umefungua barua na kuandika, utapata saa sita na nusu. Kwa kuandika tu, inatosha. Sasa washa gemu, tuseme inavute wati 90, ambazo ni chache kuliko inavyovuta ikiwa kwenye soketi. Gawanya. Dakika 35. Na hata hizo 35 si za kasi uliyoilipia, kwa sababu betri ya laptopu haiwezi kusukuma wati zile zinazotoka kwenye tofali. Mashine ikiona imechomolewa inajikata kasi yenyewe. Nimewaonyesha watu hili mezani kwangu: unachomoa waya katikati ya gemu, na fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zinaporomoka mbele ya macho yako.

Kwa hiyo laptopu ya gemu, ikiwa safarini, si laptopu ya gemu. Ni laptopu nzito. Inakuwa ya gemu tena ukifika kwenye meza yenye soketi. Na soketi za kwenye treni na ndege nyingi hazikutengenezwa kwa tofali la wati 230. Ukilichomeka, soketi inaweza kujizima.

Sasa chukua hii ndogo. Chipu ya grafiki imo ndani ya prosesa, na ikicheza gemu, mashine nzima inavuta kama wati 25. Betri yake ni wati-saa 50. Gawanya: saa mbili. Saa mbili za kucheza kweli, ukiwa mbali na soketi, bila kuungua mapaja. Kwa anayecheza safarini, mashine dhaifu ndiyo inayocheza muda mrefu zaidi. Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza kwa hesabu zangu mwenyewe, nilibadilisha ushauri niliokuwa nikiwapa watu kwa miaka.

Najua kuna anayesema moyoni, hizo grafiki za ndani ya prosesa haziwezi kitu. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini Intel ilipotoa Iris Xe mwaka 2020, na AMD ilipotoa Radeon 680M mwaka 2022 na 780M mwaka uliofuata, mambo yalibadilika. Minecraft, Valorant, Rocket League, GTA V, na gemu ndogo ndogo zisizohesabika zinazotengenezwa na watu wachache, zinachezeka vizuri ukishusha mipangilio. Ukishusha na ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 kwenda 1280 kwa 720, chipu inachora chini ya nusu ya nukta ilizokuwa inachora, na kwenye kioo cha inchi 14 jicho linavumilia. Kuna pia FSR ya AMD iliyotoka 2021, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, na haibagui kadi ya kampuni nyingine. Gemu mpya nzito zinazotoka mwaka huu, hapana, hizo msidanganyike. Lakini wengi wa wanaonijia hawachezi hizo. Wanacheza gemu tatu zile zile miaka nenda rudi.

Ila hapa kuna mtego, na mtego wenyewe ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi.

Msichana mmoja, mwanafunzi, alinijia na laptopu yenye stika ya Iris Xe. Gemu yake ilikuwa inakwamakwama mpaka ameanza kuichukia mashine. Nilipofungua orodha ya vifaa kwenye Windows, pale palipopaswa kuandikwa Iris Xe palikuwa pameandikwa "UHD Graphics". Alidhani amebambikiwa. Nikafungua mfuniko wa chini. Ndani kulikuwa na nafasi mbili za RAM. Moja ina kipande cha GB 8, ya pili tupu, ina vumbi. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya mashine. RAM ikiwa kipande kimoja, njia ya data inakuwa moja, na Intel wameipanga Iris Xe isijitambulishe kwa jina hilo mpaka njia ziwe mbili. Nikachomeka kipande cha pili, kinacholingana na cha kwanza, nikawasha. Jina likabadilika lenyewe kwenye kioo: Iris Xe. Akafungua gemu yake pale pale mezani kwangu, akacheza, hakusema kitu kwa muda, kisha akampigia mama yake.

Kazi ile ilichukua dakika kumi na bisibisi moja. Ndiyo maana nawasihi: ukiamua kuchukua laptopu isiyo na kadi ya peke yake, pesa utakayookoa itoe sehemu kidogo uiweke kwenye RAM. Vipande viwili vya GB 8 vinavyofanya 16. Na kabla ya kulipa uliza kama RAM ya mashine hiyo inachomolewa au imechomelewa kwenye bodi, kwa sababu nyembamba nyingi siku hizi zimechomelewa, na ikichomelewa GB 8 utakufa nayo na GB 8. Iliyochomelewa si mbaya yenyewe. Mara nyingi ina kasi zaidi na njia zake ni mbili tangu kiwandani. Ila lazima iwe 16 siku ya kwanza.

Mtego mwingine upo kwenye namba za prosesa. Tuchukue mfano wa AMD. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7540U zinafanana kama mapacha, na mtu yeyote atasema tofauti ni ndogo. Kumbe tarakimu ya tatu ndiyo inayosema usanifu. Ile ya 7520U ni 2, yaani Zen 2, usanifu ulioanza kutoka 2019, una viini vinne, yaani sehemu nne za kufanya hesabu, na grafiki ndogo sana. Ile ya 7540U ni 4, Zen 4, ina viini sita na grafiki ya kizazi kipya. Nambari 20 tu kati yao, na gemu inayokwenda vizuri kwenye moja haiendi kabisa kwenye nyingine. Kwa hiyo kwenye Ryzen za elfu saba na elfu nane, angalieni tarakimu ya tatu.

Kwa Intel herufi ya mwisho inasaidia kwenye vizazi vingi: U ni ya wati chache, kama 15, H ni ya wati 45 kwenda juu. Mnaona? Tumerudi kwenye wati.

Vioo nitavipitia haraka. Msafiri anafanya kazi penye mwanga mwingi, kwa hiyo kioo chenye mwangaza wa niti 250, niti ikiwa kipimo cha mwangaza, kitamtesa. Tafuta 300 au zaidi. Kioo cha hezi 144, kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ni kitu kizuri kama mashine inaweza kutoa fremu hizo, la sivyo ni pambo linalokula betri. Diski ya kuhifadhia iwe ya kasi, ile inayoitwa SSD, ikiwezekana GB 512, na epukeni laptopu zenye hifadhi ya bei nafuu ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, ni polepole na hazibadiliki. Na chaja ipitie USB-C kama inawezekana, maana ukiisahau mahali unaweza kuazima ya mwenzako.

Kwa wanaonunua iliyotumika, na mimi nauheshimu sana uamuzi huo, jambo kubwa ni tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana. Kizazi cha nane kilianza kutoka 2017. Laptopu ya kabla ya hapo inaweza kuwa nzuri kwa Linux, mfumo wa bure unaoweza kuwekwa badala ya Windows, lakini baadhi ya gemu za kushindana mtandaoni, Valorant ikiwemo, hazikubali Linux. Usinunue gemu ukakosa pa kuichezea.

Wasafiri wa ndege, neno moja. Kikomo cha kawaida cha betri bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Laptopu nyingi hazivuki hapo. Betri ya akiba na pawabanki haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, ni za kubeba mkononi. Na mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 tu za mkononi. Rudini kwenye mizani yangu: kilo 3.1 kati ya 7.

Sasa mtaniuliza, fundi, unatuambia tusinunue laptopu za gemu? Hapana. Wako watu ambao nawaambia wazi wachukue ile nzito, na wachukue yenye wati nyingi kadiri pesa inavyofika. Mwanafunzi wa usanifu wa majengo, anayetengeneza picha za 3D, anayehariri video kila siku: hao kadi ni jembe lao. Anayehama chumba mara mbili kwa mwaka, mashine ikakaa mezani miezi sita, huyo hasafiri, anahama, uzito haumhusu. Na yupo ambaye gemu ndiyo pumziko lake la pekee, anarudi jioni amechoka anacheza saa tatu na rafiki zake walio mbali. Sitamwambia mtu huyo kwamba gemu ni anasa. Achukue ile nzito, aichomeke, ainue nyuma yake kidogo hewa ipite, asafishe vumbi la feni kila baada ya miezi michache. Ila kama ana kadi za RTX 4050 na RTX 3050 mbele yake na tofauti anaweza kuivumilia, aikimbie 3050 yenye kumbukumbu ya GB 4, kwa sababu gemu mpya zinaijaza GB 4 haraka kisha zinaanza kukwama hata kama kadi ina nguvu iliyobaki.

Ninachoomba ni uchunguzi wa kweli. Wiki mbili kabla ya kununua, andika. Kila siku uandike dakika ulizobeba begi, na dakika ulizocheza ukiwa mezani, na ulizocheza au ulizotamani kucheza ukiwa njiani. Usiandike unavyojipenda uwe, andika ulivyokuwa. Mama mmoja alimfanyisha mwanawe hivyo, kijana aliyekuwa amekazana anataka mashine ya gemu na mzee wa nyumba amekataa. Daftari lilionyesha anacheza karibu saa kumi na nne kwa wiki, zote usiku, zote nyumbani, na shuleni alikuwa habebi laptopu kabisa. Mama akamnunulia ile nzito. Daftari lilimtetea kijana kuliko alivyojitetea mwenyewe.

Na kuna njia ya tatu kwa ambao daftari litawaonyesha safari nyingi na gemu nyingi pia. Laptopu nyepesi ya kazi, na mashine ya gemu kando. Vifaa vya mkononi kama Steam Deck, kilichoanza kuuzwa Februari 2022, kina uzito wa gramu 669 na kioo cha 1280 kwa 800. Ukikijumlisha na hii laptopu yangu ndogo na chaja yake, bado hamjafikia kilo 3.1. Vinavyouzwa baada ya kutumika vinapatikana. Ama gemu za kutiririsha, zinazochezeshwa na kompyuta iliyo mbali ukaletewa picha kwa intaneti: huduma ya GeForce Now inaomba intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 720, na 25 kwa ya 1080. Palipo na intaneti ya kutulia, laptopu yoyote nyepesi inatosha. Lakini intaneti inayopanda na kushuka haifai hata kidogo kwa gemu za kupigana na wenzako. Unabonyeza, na wewe umeshakufa kabla kitendo hakijafika. Jaribu kwanza palepale unapolala na unapofikia, ndipo uamue.

Nimeona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada. Anauliza: yeye ni muuguzi, anahama kituo hadi kituo, anacheza usiku akiwa zamu, na kuna soketi, lakini anatembea kwa miguu kwenda na kurudi. Anataka jibu moja.

Dada yangu, una soketi, kwa hiyo betri haikubani. Kinachokubana ni miguu na mgongo. Nakuambia chukua nyepesi yenye Radeon 680M au 780M, RAM 16 za njia mbili, chaja ya USB-C. Ukishusha mipangilio utacheza. Lakini usinisadiki kwa maneno. Hii hapa kubwa na tofali lake, nimezifunga kwenye begi, kilo 3.1. Livae, utoke nalo nje, uzunguke jengo mara moja kwa mwendo wako wa kwenda kazini. Tutakusubiri. Ukirudi utatuambia wewe.